Picha Zilizolala

Mara ya kwanza Dorka Aloo kumvua mtu shati kwa wembe, alicheka. Mtu mwenyewe alikuwa wa karatasi, amesimama ndani ya picha yenye ukubwa wa sahani, na shati lake jeupe lilikwanguka taratibu kama ukoko wa uji. Chini ya shati hapakuwa na kifua, palikuwa na weupe mtupu, na Dorka ndiye aliyekichora kifua. Akatia kivuli cha mbavu, akatia misuli, akamzungushia shingoni shanga ambazo mwenye shingo hakuwahi kuzivaa. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili, akatazama kazi yake, akajiona fundi. Kicheko hicho ndicho kilichokuja kumtafuna baadaye kuliko yote aliyoyatenda.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, na Dorka alikuwa na miaka thelathini na miwili. Mumewe, Omolo, alikuwa amekufa Kisumu kwa homa, na mdogo wa marehemu, Ogweno, akamleta mjane Tarime. Hakumleta ili amrithi, maana Dorka alikwisha kulikataa jambo hilo mbele ya wazee na mbele ya kanisa. Alimleta afanye kazi. Ogweno alikuwa na studio ya picha nyuma ya soko, chumba cha mabati chenye dirisha pana, pazia lililochorwa ngazi na maua, na kijichumba cha giza cha kusafishia picha. Kamera aliijua vizuri, ila kuchora hakujua hata kuku. Dorka alikuwa amefundishwa kudarizi na mama mmoja wa misheni, na mkono wake ulikuwa umetulia kiasi kwamba aliweza kupaka rangi jicho dogo kama punje ya ulezi bila kuvuka kope.

Picha za siku hizo zilikuwa za kijivu, na watu walikaa mbele ya kamera wamekakamaa kana kwamba wanangoja kuchomwa sindano. Ogweno akiitoa picha majini alikuwa na neno lake:

"Hii imelala, shemeji. Iamshe."

Naye Dorka aliiamsha. Gauni la kijivu likawa la samawati. Majani makavu yakawa kijani. Mkono usio na saa ukavaa saa. Nyangwine wa Gorong'a, aliyerudi kutoka vita vya Burma na jicho moja, alikuja akasimama mlangoni.

"Mama yangu ni mzee," alisema. "Nataka anione mara moja nikiwa na macho mawili."

Dorka alimchorea jicho la pili kwa siku mbili nzima. Nyangwine alipoiona picha aliiweka kifuani ndani ya shati, akaondoka bila kuaga. Wiki iliyofuata alileta jogoo. Dorka alimwambia Ogweno kwamba kazi kama ile angekubali kuifanya bila mshahara.

Lakini si wote waliokuja walikuwa akina Nyangwine. Wapo waliotaka kufanywa weupe. "Nipauke kidogo, mama, kama Mhindi wa dukani." Yupo mwalimu aliyeleta picha ya harusi yake mwenyewe, akataka bibi harusi aondolewe na mahali pake pawekwe meza yenye maua. Dorka alimtazama kama hakusikia vizuri.

"Amefariki?" aliuliza.

"Hapana. Yuko nyumbani."

Ogweno akamkonyeza Dorka kwamba mteja hahojiwi. Dorka akamkwangua yule mwanamke, kuanzia shela mpaka viatu, akaweka meza. Mchana huo alishindwa kula. Samaki aliyekuwa sahanini alimtazama kwa jicho lake jeupe, naye akamfunika kwa kawa. Alijiambia ni joto tu. Mtu akiwa na kazi yake mjini, na yeye mjane, huwa na maneno mengi ya kujiambia.

Mzungu wa kadi alifika mwezi wa sita. Alikuwa mnunuzi kutoka Nairobi, anatengeneza kadi za posta za kuuzia wageni kwenye mahoteli, na kila mwaka alipita Tarime akienda mbugani. Ogweno alimwekea albamu mezani. Mzungu akapekua kurasa kama mtu anayepekua mboga zilizonyauka.

"Makoti," alisema kwa Kiswahili chake kigumu. "Viatu. Kofia. Nani atanunua hii? Huko kwetu iko makoti mingi. Mimi nataka watu kali. Mkuki. Damu kidogo."

"Zipo, bwana," Ogweno akasema haraka. "Ziko Serengeti. Nitazileta."

Hazikuwepo, naye alijua. Hata hivyo alipanda lori la magunia mpaka Mugumu, akatembea hadi Morotonga, akawakuta Wakristo wa pale wametoka misa ya Jumapili. Akawaambia anapiga picha bure, na kila mtu atapata nakala yake. Watu wakashangilia. Wakarudi nyumbani kujipangusa vumbi, wakaazimana viatu, wakaja kusimama ukutani mmoja mmoja. Walikuwa kumi na wawili. Katekista wao, mzee Kornelio, alivaa koti lake la pekee juu ya shati jeupe, akashika kitabu cha sala kifuani. Kiongozi wa akina mama, Bernadetha, mwanamke wa miaka sitini na kitu, alivaa gauni lenye kola ya kushonwa kwa mkono na kitambaa cheupe kichwani.

Hizo ndizo picha alizokuja kumwagia Dorka mezani.

"Zimelala usingizi wa maiti hizi," alisema. "Tutengeneze nakala kubwa, uzikwangue na kuchora, kisha nizipige upya kwa kamera. Kioo kipya cha kuchapia picha kikishatoka, nani atajua?"

Dorka alianza na Kornelio kwa sababu alikuwa rahisi. Koti na shati vikatoka. Kitabu kilikuwa cha mraba na kizito, kikafaa kuwa ngao. Fimbo ya kutembelea akaitia chuma, ikawa mkuki, na chumani akatia rangi nyeusi inayotiririka. Mbwa aliyekuwa amepita nyuma kwa bahati mbaya alipata manyoya ya shingo, akawa simba aliyeuawa. Ndipo alipocheka. Ogweno naye alicheka mpaka akashika ukuta.

"Umeona?" alisema. "Mzee wa watu ameamka!"

Mzungu alipotumiwa picha hiyo aliagiza mia tano za Kornelio, na baada ya Kornelio akataka wanaume wengine wanne. Dorka akawatengeneza. Kicheko kilikuwa kimekwisha kumtoka kufikia wa tatu. Wa nne alikuwa kijana aliyevaa tai ya kuazima, fundo lake kubwa limefungwa na mtu asiyejua, na Dorka alipoligusa kwa ncha ya wembe alihisi mate yakimjaa mdomoni kama mtu aliyemeza inzi. Aliifanya kazi, akaenda kunawa. Akanawa tena.

Siku moja Ogweno aliweka picha za akina mama mezani, ya Bernadetha ikiwa juu.

"Sasa hawa," alisema. "Unajua anachotaka. Juu mpaka kiunoni."

Dorka aliusukuma ule mrundo mpaka ukingoni mwa meza.

"Hapana."

"Shemeji, ni karatasi."

"Ni Bernadetha. Umeandika jina lake mwenyewe hapa nyuma."

"Mzungu hasomi nyuma."

"Huyu ana umri wa mama yako, Ogweno. Mama yako aliyekuzaa ungemleta hapa nimkwangue?"

Ogweno alikasirika, akasema mwanamke akishibishwa huota pembe, akazibeba picha akaingia nazo chumbani mwake. Dorka akadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Asubuhi moja aliingia kijichumba cha kusafishia picha kutafuta beseni, akakuta karatasi ya picha iliyopigwa upya imelala ndani ya maji. Kilikuwa kichwa cha Bernadetha, na kitambaa chake cheupe, na macho yake yale yale yaliyotazama kamera kwa heshima ya Jumapili. Chini ya kichwa palikuwa na mwili wa msichana asiye na nguo, kigoli wa miaka kumi na minne hivi, uliokatwa kwa mkasi kutoka picha nyingine. Shingo ilikuwa imepinda. Gundi ilikuwa imefurika pembeni na kuacha utando kama usaha wa kidonda.

Dorka alisimama akitazama. Na jambo lililompata hapo hakumwambia mtu kwa muda mrefu. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba shingo haijakaa sawa, kivuli kikiongezwa kidogo upande wa kushoto itakubali. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuinyakua brashi. Alipoitambua brashi mkononi mwake, aliiangusha. Alitoka mbio, akafika nyuma ya mabati, akatapika chai yote, akaendelea kutapika na hakuna kitu, akiwa amepiga magoti kwenye maganda ya ndizi na manyoya ya kuku wa sokoni, na maganda yale hayakumtia kinyaa hata kidogo, maana kinyaa chote kilikuwa kwenye mkono wake wa kulia.

Ogweno alikuwa amesafiri kwenda Musoma kununua karatasi na dawa. Angerudi baada ya siku tatu. Dorka alikuwa bado hajaamua la kufanya siku ile ya pili, mtu alipobisha hodi.

Alikuwa mwanamke mzee, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, kibuyu cha maziwa ya mgando begani. Dorka alimtambua kabla hajasema neno. Alikuwa amemwona kwenye maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo kwa yule mpiga picha? Mimi natoka Morotonga. Naitwa Bernadetha. Alituahidi picha zetu, tumengoja miezi miwili. Wenzangu wamesema nije, kwa kuwa ninaye dada hapa Tarime, nitapata pa kulala." Akashusha kibuyu. "Hiki ni chenu. Hatukupenda kuja mikono mitupu."

Dorka alipokea kibuyu. Kilikuwa kizito, na mwanamke huyu alikuwa amekibeba siku mbili, sehemu kwa lori na sehemu kwa miguu, kuwaletea watu waliomvua nguo. Angeweza kusema picha bado. Angeweza kusema zimeharibika. Alifungua mdomo aseme hivyo, na ulimi ukakataa.

"Kaa, mama," alisema. "Nina kitu cha kukuonyesha, na ukimaliza kukiona unaweza kunitemea mate."

Akaileta ile karatasi, imekwisha kukauka na kujikunja pembeni. Bernadetha aliisogeza dirishani. Aliitazama muda mrefu sana. Dorka alingoja ukelele, au kofi, akatamani kofi lije upesi. Bernadetha alipitisha kidole pale shingoni, polepole, mahali pa gundi.

"Kichwa ni changu," alisema mwishowe. "Mwili huu ni wa nani?"

Dorka hakujua. Hakuwa amejiuliza. Alikuwa amemlilia Bernadetha peke yake, na yule msichana aliyekatwa kichwa kikatupwa, hata hakumfikiria.

"Sijui, mama."

"Huyu naye ni mtoto wa mtu," Bernadetha alisema. "Kichwa chake mmekiweka wapi?"

Walikitafuta wote wawili. Walikikuta kwenye kikapu cha takataka, chini ya vipande vya karatasi, uso mdogo wa mviringo uliokunja kipaji kwa jua. Nyuma hapakuwa na jina. Bernadetha alikifungia kwenye pindo la kanga yake pamoja na sarafu za nauli. Kisha akatema mate, si usoni kwa Dorka bali sakafuni katikati ya chumba, mara moja, kwa nguvu.

"Sasa nipe tulichoahidiwa," alisema.

Vioo vya kwanza, vile ambavyo Ogweno alivipiga kule Morotonga, vilikuwepo bado kwenye sanduku. Dorka alivitoa, akaviweka na karatasi kwenye fremu, akavianika juani barazani. Bernadetha alikaa kwenye kigoda akitazama nyuso za wenzake zikitokea moja baada ya nyingine, kijivu, zimekakamaa, na koti la huyu limembana na viatu vya yule vimemzidi. Alizipokea zikiwa bado zina maji. "Huyu alikuwa na malaria siku ile," alisema. "Ona, alisimama hivyo hivyo." Na tena: "Huyu kola yake nilimshonea mimi." Dorka hakugusa rangi. Aliona kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa amelala.

Bernadetha alipokwenda kwa dada yake na zile alizozipata, Dorka aliingia ndani, akakusanya vioo vyote vilivyotengenezwa, vya mikuki na kile cha Bernadetha. Akavikwangua kwa wembe kimoja kimoja mpaka vikabaki kama vya dirishani.

Ogweno aliporudi na kuona, hakupiga kelele mwanzoni. Alikaa.

"Umenimaliza," alisema. "Mimi niliyekutoa Kisumu ukiwa huna hata pa kulaza ubavu."

"Ulinitoa, asante. Lakini ulinitoa ili nifanye uchafu huu?"

"Uchafu?" Ogweno alisimama. "Nani alichora simba? Nani alichora damu? Mimi sijui kuchora, shemeji. Mimi nilikata kichwa kimoja kwa mkasi, vibaya, kila mtu anaona. Watano wa kwanza ni wako. Na ulicheka! Nilikuwepo!"

Hilo lilimuuma Dorka, maana lilikuwa kweli. Alifunga nguo zake katika shuka, akachukua sanduku la vioo vya Morotonga, akatoka. Ogweno alimfuata hadi barabarani akimwita mwizi, na wauza vitunguu wakasimama kutazama.

Alifika Morotonga siku ya nne tangu atoke Tarime, akiwa na nakala zilizobaki siku ile, ambazo alizichapa baadaye, ya Kornelio ikiwemo. Bernadetha alikuwa amekwisha kuwaambia watu ya kwake, akificha kidogo hapa na pale kwa ajili ya haya. Ya wanaume hakuwa akiyajua. Dorka aliyasema mwenyewe, kwenye uwanja wa kanisa, amesimama, watu wamekaa. Alisema shati lilivyotoka. Alisema kitabu kilivyokuwa ngao. Akampa Kornelio kadi moja aliyokuwa ameiweka, iliyochapwa Nairobi, yenye maandishi ya Kiingereza chini. Yule kijana wa tai alisimama akaondoka kabla hajamaliza.

Kornelio aliishika kadi mbali na macho yake, kisha karibu.

"Imeandikwa nini?"

"Imeandikwa, 'Muuaji wa simba asiye na dini,'" Dorka alisema.

Mtu mmoja nyuma aliguna. Kornelio hakuguna.

"Babu yangu alikuwa na mkuki," alisema. "Alikuwa na shanga pia, na kifua wazi, na simwonei haya hata siku moja. Ungempiga yeye picha angesimama vizuri kuliko mimi. Lakini mimi siku ile nilivaa koti. Nilichagua koti. Wewe mwanamke ulinijua? Ulinisalimia hata mara moja, kabla ya kunivua?"

"Hapana, mzee."

"Basi unanichefua," alisema kwa utulivu, kama anayetaja hali ya hewa. "Mzungu simjui, amepita zake. Shemeji yako tamaa imemla. Wewe una mkono wa Mungu, na ndio ulioutumia."

Aliichukua picha yake ya kweli, ya kijivu, akaingia ndani. Dorka alinyoosha mkono amuage, ukabaki hewani. Wengi walichukua picha zao vivyo hivyo, kwa vidole viwili, wakikwepa kumgusa. Jioni Bernadetha alimwekea ugali na mlenda, akala naye sahani moja, akasema kwamba kinyaa ni dawa ya kuharisha, humtoa mtu kilichomo tumboni, lakini haishibishi, kwa hiyo ale.

Kornelio aliandika barua bomani, kwa serikali, kuhusu zile kadi. Karani akajibu kwamba hakuna sheria iliyovunjwa, kwa kuwa picha ni mali ya aliyeipiga. Kadi zilizokwisha kuuzwa zilikwenda zilikokwenda, mamia yake, na hakuna aliyeweza kuzirudisha. Lakini akina mama wa Tarime walisimuliana sokoni kuhusu kichwa na mkasi, na ndani ya mwaka hakuna aliyempeleka bintiye kupigwa picha nyuma ya soko. Ogweno alifunga studio, akavuka mpaka.

Dorka hakurudi Tarime. Alipanga chumba Mugumu, akawa anadarizi vitambaa vya meza na kola za magauni. Watu walipojua kwamba alikuwa fundi wa picha, walimletea za harusi awatilie rangi. Alikataa zote, hata za rafiki zake, wakamwona ana maringo. Mke wa mhunzi alimwuliza waziwazi kwa nini. Dorka alimwambia kwamba akishika brashi hiyo tumbo humsokota, na mwanamke yule akadhani ni ugonjwa, akamshauri atafune tangawizi.

Mwaka wa hamsini na tisa barua ya Ogweno ilimfikia kutoka Kisumu. Mambo yamekuwa mazuri, aliandika. Wanunuzi wa kadi sasa ni watatu, na hakuna fundi mwenye mkono kama wake. Yaliyopita si ndwele. Aje.

Dorka aliisoma mara moja, mlangoni, uzi bado mdomoni. Alihisi mate yale yale yakipanda. Aliyameza, akaikunja barua, na hakujibu. Alikuwa na kola sita za kumaliza kabla ya Jumamosi, na mvua ilikuwa imebomoa ukuta wa jiko la Bernadetha, naye alikwisha kuahidi kwenda kukanyaga udongo wa kuukandika upya.